Mguu wa Kulia wa Fundi

Fundi hakuwahi kuwasha pikipiki kwa stata. Kile kitufe kwake kilikuwa pambo la watu wavivu. Ukimpelekea pikipiki, iwe mpya ya jana au mkweche uliofungwa kwa mipira, alikusukuma pembeni kwa kiwiko bila hata kukusalimu, akavua kandambili ya mguu wa kulia tu, ya kushoto akaiacha, kisha akakanyaga kiki taratibu mpaka aisikie inagoma. Halafu alishuka nayo mara moja. Ikiwaka, alisikiliza amefumba macho. Isipowaka, alikwambia ugonjwa wake hapo hapo, na hakukosea.

Tulimcheka kwa ule mguu mtupu. Mguu wenyewe ulikuwa mpana, kisigino kimepasuka, vidole vimetawanyika. Alisema sikio linadanganywa na kelele za sailensa na macho yanadanganywa na rangi, lakini mguu ukikaa juu ya kiki unaigusa pistoni yenyewe. Tulipozidi kucheka alituambia tukawachekeshe wake zetu, yeye ana kazi.

Jina lake silitaji. Sina haki hiyo, na mkinisikiliza mpaka mwisho mtajua kwa nini. Masasi mjini alikuwa Fundi tu, kana kwamba hapakuwa na fundi mwingine, na walikuwapo, tena tele. Mimi ni dereva wa bodaboda, baba wa mtoto mmoja anayeitwa Neema, kwa hiyo kwake nilikuwa Baba Neema tangu siku ya kwanza. Nimemfahamu miaka kumi na minne. Sita ya mwisho sikuwa namtazama usoni.

Banda lake lilikuwa kando ya barabara ya kwenda Newala: nguzo nne, mabati, na gunia moja alilotandika spana zake. Ole wako uiguse spana ukairudishe upande mwingine wa gunia. Alikuwa na maneno matatu aliyoyasema kwa kila mteja anapomrudishia pikipiki yake: "Kazi yangu hairudi." Hakusema kwa majivuno. Alisema kama anayekupa risiti. Na ni kweli, haikurudi. Nimeona mara moja tu kazi yake ikirudi, tairi la mwalimu wa Lukuledi lililokuwa likipungua upepo, na kumbe mwalimu alikanyaga msumari mwingine njiani. Fundi aliutoa ule msumari, akauonyesha watu wote waliokuwapo, mmoja mmoja, akaufunga kwenye karatasi akampa mwalimu aende nao nyumbani. Mwalimu wa watu aliona aibu, maana hakuwa hata amelalamika.

Kwa watu alikuwa mkali, kwa vyuma mpole. Sisi alitusemesha Kiswahili, injini alizisemesha Chimakonde. Mimi Mmakua, nilikuwa naokota neno moja moja, na kwa nilivyoelewa alikuwa anazibembeleza. Injini iliyoungua kwa kukosa oili aliipangusa kwa kitambaa huku akiiambia maneno ambayo mimi mke wangu sijawahi kumwambia. Kisha akimgeukia mwenye pikipiki, mtume! Alimtukana mpaka mtu anatamani ardhi ipasuke.

Siku moja kijana wetu mmoja wa kijiweni alikuja kurekebishiwa breki, akawa anajisifu jinsi alivyolipita basi kwenye mlima wa kupandia Newala, penye kona, huku amepakia mama na mtoto. Fundi aliacha breki, akafungua plagi ya ile pikipiki, akaitia kwenye mfuko wa kanzu, akaenda zake msikitini. Ilikuwa Ijumaa. Yule kijana akabaki amekaa kwenye jua na pikipiki isiyo na plagi, na abiria wake wanapakiwa na wengine. Fundi aliporudi akamrudishia. "Plagi yako imesali," akamwambia. "Bado wewe."

Sasa mtu huyohuyo, sikilizeni, mtu huyohuyo alikuwa na pikipiki yake ya zamani, tangi limepauka, kiti kimeshonwa kwa uzi wa magunia. Mjini aliiendesha polepole mpaka mbuzi wanampita. Lakini asubuhi moja ya Jumapili nilikuwa nampeleka mtu Lupaso, njia nyeupe, naenda mwendo wa kutosha tu, nikasikia sauti nyuma yangu nyembamba na kali. Kabla sijageuka nimepitwa. Nikaona kofia ya kiua, mgongo umelala juu ya tangi, kanzu imekunjwa mpaka kiunoni. Fundi! Vumbi lake tulilila mpaka Lupaso.

Kesho yake nikamfuata bandani. "Fundi, jana nimekuona."

"Umeniona wapi?"

"Njia ya Lupaso. Ulikuwa unaruka."

"Mimi?" Hata hakuinua kichwa. "Nina ndugu tunafanana."

Nikamng'ang'ania wiki nzima mpaka akanieleza, na siku hiyo ndiyo niliyoijua taimingi. Alichora chini kwa bisibisi. Moto wa plagi, alisema, unatakiwa kupiga pistoni ikikaribia juu kabisa. Kuna kidude kidogo pembeni ya sumaku inayozunguka pamoja na injini, kinaitwa pulsa, hicho ndicho kinachoiambia plagi sasa piga. Kimekazwa kwa skrubu mbili. Ukikisogeza kidogo kinyume na sumaku inavyozunguka, moto unawahi, na ukiwahi kidogo injini inapata nguvu kwenye mwendo mkubwa. Ukizidisha, moto unaikuta pistoni bado inapanda, unaisukuma irudi chini. Yake aliisogeza mwenyewe, akaipima kwa miezi, kila Jumapili kidogo, mpaka akaipatia.

"Nisogezee na yangu," nikasema.

"Sikusogezei."

"Kwa nini wewe umesogeza?"

"Baba Neema, wewe unapakia watu. Mimi napakia kofia yangu." Akafuta mchoro kwa mguu. "Halafu ninyi Wamakua mnapenda kufika kabla hamjaondoka."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini moyoni nilichukia. Nilimwona ni mtu mwenye tamu anayekataza wenzake wasionje.

Nisijitetee, ila niwaeleze hali. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza. Msimu ukianza kila mtu anataka kupanda Newala na kushuka, wanunuzi, wakulima, shangazi wanaokumbuka ndugu zao. Kijiweni kwetu alikuwa ameingia mwenzetu mmoja na pikipiki mpya, ule mlima anaupanda na watu wawili na gunia bila kushusha gia. Abiria wakaanza kumngoja yeye. Mimi nipo, nimekaa juu ya pikipiki yangu, mtu ananisalimia vizuri kabisa, "Habari za asubuhi kaka," halafu ananipita kwenda kumngoja mwingine. Inauma, asikwambie mtu.

Wiki hiyohiyo pikipiki yangu ilikuwa inavuja oili upande wa sumaku. Nikampelekea Fundi. Akafungua kifuniko, akabadilisha mpira wa sili, akarudisha pulsa mahali pake. Kila pulsa aliyoigusa alikuwa anaikwaruzia alama kwa ncha ya bisibisi, mkwaruzo mmoja kwenye pulsa na mmoja kwenye bodi ya injini, ili irudi palepale ilipokuwa. Akafunga, akapiga kiki, ikawaka. "Kazi yangu hairudi," akaniambia.

Jioni ile nilifungua kile kifuniko nyumbani kwangu. Nikatoa pulsa, nikachukua tupa, nikayapanua matundu ya skrubu, nikaisogeza mpaka mikwaruzo yake miwili ikaachana. Kiasi gani, sikupima. Yeye alipima kwa miezi, mimi nilipima kwa wivu.

Na haki ya Mungu, ilipanda! Siwezi kusema uongo juu ya hilo. Kesho yake nilibeba watu wawili na mzigo, ule mlima wa Newala nikaupanda naimba. Yule mwenye pikipiki mpya nilimpita kwenye kona ya pili na abiria wangu wakashangilia. Siku tatu nilikuwa mfalme wa barabara ile. Niliporudi mjini nilipita mbele ya banda la Fundi makusudi, na nilijisikia nimemkomesha.

Siku ya nne betri ikachoka, stata ikawa haivuti. Nikapiga kiki, kiki ikarudi. Ilinipiga kwenye ugoko nikaona nyota. Nikapiga tena kwa tahadhari, nikiwa nimevaa buti, ikawaka kwa shida. Nilijua ni nini. Alinieleza mwenyewe, moto ukiwahi mno unairudisha pistoni chini, na ikirudi chini inarudi na kiki pia, pamoja na mguu wa aliyeikanyaga. Nilijua kabisa. Mahali hapa ndipo kila nikifika nataka kuacha kusimulia.

Ningeweza kuirudisha pulsa mwenyewe. Lakini nguvu ile nilikuwa bado naitaka. Nikawaza, nitampelekea Fundi atengeneze betri na stata, basi, kiki nisiiguse tena. Nikaenda. Alikuwa anakunywa uji. Nikamwambia, "Shikamoo Fundi. Haiwaki vizuri." Ndicho nilichosema, hayo tu.

"Marahaba. Haiwaki? Juzi iliwaka." Akaweka bakuli chini. Akanisukuma kwa kiwiko.

Nilimwona anavua kandambili. Nilimwona anakanyaga taratibu, anasikilizia mpaka igome. Muda ulikuwepo. Mkifanya hesabu ya maneno mawili, "Subiri Fundi," hayachukui hata pumzi nzima. Nilifungua kinywa. Nikawaza atakavyonitazama nikisema nimefanya kile alichonikataza, na watu wamekaa pale, na nitakavyochekwa mpaka msimu uishe. Nikafunga kinywa. Akashuka nayo kwa uzito wake wote, mguu mtupu, kama alivyoshuka maelfu ya mara.

Mfupa niliusikia. Aliruka akaangukia gunia la spana. Hakupiga kelele. Alikaa pale ameshika mguu juu ya kifundo, uso umegeuka majivu, akaitazama pikipiki yangu muda mrefu. Kisha akasema, "Nimekosea."

Watu wakamwambia, "Tulia Fundi, tulia."

"Nimefunga vibaya pulsa," akasema. "Nimekosea mimi."

Gari likatafutwa, akapelekwa hospitali ya Ndanda. Wenzangu wakaenda naye. Mimi nikasema naipeleka pikipiki nyumbani kwanza, nitawafuata. Na niliipeleka kweli, naisukuma kwa miguu. Nikafungua kifuniko nikairudisha pulsa mpaka mikwaruzo ikakutana, nikakaza skrubu, nikafagia vumbi la chuma la tupa lililokuwa bado uani. Halafu nikanunua machungwa, nikaenda Ndanda.

Alikuwa kitandani, mguu umefungwa hogo la plasta mpaka gotini. Mkewe, Mama Hadija, amekaa pembeni anampepea. Mwanamke mfupi, mtulivu, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti, aliyemvumilia mtu yule mkali tangu ujana wao Newala. Nikasalimia. Fundi akanishika mkono. Kwa miaka yote sikuwahi kushikwa mkono naye.

"Baba Neema," akasema, "nisamehe. Ingekuvunja wewe. Ingekuzimikia mlimani na watu umewapakia. Nisamehe ndugu yangu."

Na mimi, mbele ya mke wake, na machungwa yangu mapajani, nikamwambia: "Inatokea, Fundi. Nimeshakusamehe."

Nilimsamehe! Mniambie ninyi, mtu wa namna gani anatoa msamaha ambao yeye ndiye anayepaswa kuuomba. Mama Hadija alilia pale, akanishukuru. Nilirudi Masasi usiku huo nikala, nikalala, tena vizuri. Kukosa usingizi kulikuja baadaye.

Mwenyewe alikuwa mtu wa kutuhubiria subira, lakini lile hogo hakulimaliza. Alilikata kwa mkasi wa bati kabla ya siku zake, akasema linamwasha, na mguu ukaunga ukiwa umepinda kidogo kwa nje. Akarudi bandani na fimbo. Tulimpokea kwa shangwe. Lakini Fundi aliyerudi hakuwa yule. Kiki hakuigusa tena, alimwambia mwenye pikipiki awashe mwenyewe. Kazi za upande wa sumaku akawa anazikataa, anakuelekeza kwa mafundi wengine, wale aliokuwa anawaita wavunja skrubu. Na yale maneno yake matatu sikuyasikia tena. Akimaliza kazi alisema, "Iangalie mwenyewe kabla hujaondoka."

Asubuhi moja alinibadilishia plagi. Plagi, jamani, kazi ambayo Neema wangu anaiweza. Alipomaliza akanyoosha shingo kunitazama, "Baba Neema, hebu niangalizie. Nimefunga sawa?"

Nikainama. Ilikuwa sawa kabisa. "Iko sawa, Fundi."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Ishike tena," akasema.

Nikaishika tena. Nilikuwa nimeinama, kwa hiyo hakuniona uso. Siku ile nilitaka kusema. Nilitaka kusema pia wiki iliyofuata, na Idi nilipokwenda kumpa mkono. Kila siku niliyochelewa ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, maana sasa ilibidi nieleze na kwa nini sikusema jana.

Mama Hadija alinisimamisha njiani kama miezi minne baada ya hapo, ametoka sokoni na kapu la samaki wakavu. Nikamwamkia, akaitikia, akatazama huku na huku.

"Baba Neema, mwenzako amekuwa mtoto. Anauliza kila kitu. Anaamka ananiuliza kama mlango ameufunga, na mlango umefungwa. Anasema mkono umemwacha." Akahamisha kapu mkono wa pili. "Wewe ndiye mwenye pikipiki. Nikuulize na uniambie ukweli. Hivi kweli alikosea?"

Hapakuwa na mtu karibu. Ni mimi, yeye, na samaki wake. Sikuwa na kijiwe cha kuogopa wala wa kunicheka.

"Alikosea, mama," nikasema. "Ni umri tu."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi," akasema. "Nitamwambia apumzike."

Na alimwambia, naye akamsikiliza. Waliuza mabati ya banda, wakahamia Newala kwa binti yao Hadija. Spana aliwagawia mafundi walewale wavunja skrubu. Mimi akanipa bisibisi yake ya kukwaruzia alama, eti kwa kuwa nilimvumilia.

Nimekuwa nikipanda Newala mara mbili tatu kwa wiki, miaka sita. Nyumba ya Hadija naijua, unaikuta ukishapita soko, mikorosho nyuma yake. Sikuwahi kukata kona kuingia. Nilijiambia nina abiria, na nilipokuwa sina abiria nilijiambia mafuta hayatoshi. Mama Neema mwenyewe sijamwambia mpaka leo ninaposimulia.

Halafu mwaka huu habari ikafika kijiweni kwamba Mama Hadija amefariki. Wenzangu wa zamani walichanga, wakapanda kuzika. Mimi nilitoa mchango wangu nikasema nina homa. Nilikaa na homa yangu ya uongo mpaka arobaini ikapita. Siku mbili baada ya arobaini niliamka, sikunywa chai, nikapanda.

Juu kulikuwa na ukungu ule wa Newala unaolowesha nyusi. Nikamkuta amekaa barazani kwenye mkeka, koti la sufu, mguu umenyooshwa mbele. Amekonda. Lakini alinitambua kabla sijavua kofia ngumu.

"Shikamoo Fundi. Poleni sana kwa msiba."

"Marahaba, Baba Neema. Tumeshapoa, kazi ya Mungu." Akanionyesha mahali pa kukaa. "Hadija! Mgeni! Lete chai."

Hadija akaleta chai na mihogo ya kuchemsha, akanisalimia, akarudi jikoni. Tukazungumza habari za korosho, mvua, nani yupo kijiweni na nani ameondoka. Nikawa nimeshaanza kupanga jinsi ya kuaga. Ndipo akasema:

"Mke wangu alikuwa anakutaja. Mpaka mwisho. Alikuwa anasema, yule Baba Neema ana moyo, ulitaka kumuua naye akakusamehe bila neno."

Nikaweka kikombe chini. "Fundi," nikasema, "hukukosea."

"Ee?"

"Ile pulsa. Ulifunga sawa. Niliisogeza mimi."

Hakuelewa. "Pulsa ipi?"

"Ile iliyokuvunja mguu. Uliponikatalia, nilikwenda nikasogeza mwenyewe nyumbani. Siku ulipopiga kiki nilikuwa najua, nikanyamaza. Ulipokwenda Ndanda nikairudisha."

Nilingoja anipige na fimbo. Haki ya Mungu, nilitaka anipige. Akashusha macho kwenye mguu wake.

"Ulisogeza kiasi gani?" akauliza.

"Kama unene wa ukucha. Labda zaidi."

"Ulipanua matundu?"

"Kwa tupa."

"Ulipofungua kifuniko mara ya kwanza, kabla hujagusa, alama zangu zilikaaje?"

"Zilikutana, Fundi."

"Zilikutana kabisa?"

"Kabisa. Mkwaruzo kwa mkwaruzo."

Akashusha pumzi ndefu. Mabega yalimshuka, akawa mdogo ndani ya lile koti. Kisha akaita kwa sauti niliyoizoea zamani, sauti ya kutukana watu bandani: "Hadija! Njoo hapa! Hadija!"

Hadija akaja mbio, mikono ina unga.

"Mwambie," akaniamuru.

Nikamwambia Hadija yote, tangu tupa mpaka machungwa. Fundi alikuwa ananitazama mdomo. Nilipofika penye alama alinikatiza, "Rudia hapo," nikarudia. Akamgeukia binti yake, machozi yanashuka na wala hayafuti. "Umesikia? Sikukosea. Nilifunga sawa. Mkono wangu ulikuwa mzima, Hadija!"

Hadija hakulia. Alinitazama mimi. "Kaka," akasema, "baba amekaa miaka sita haamini hata kufunga vifungo vya shati lake. Na yale machungwa yako tuliyala."



"Mwache," Fundi akasema. Sikusikia huruma kwenye sauti yake, alikuwa kama mtu anayezuia zana isiguswe kwa kuwa bado ana kazi nayo. Akachukua fimbo, akainuka kwa shida. Nilinyoosha mkono kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. "Inuka twende."

Tukapita nyuma ya nyumba, tukaingia kwenye mikorosho. Alikuwa anatangulia, ule mguu wa kulia anauvuta, unachora mstari kwenye majani yaliyolowa, nami nafuata nyuma. Sikuwahi kutembea mwendo wa polepole namna ile. Tulipofika mwisho wa shamba nikaona kaburi, udongo bado umevimba, limezungushiwa matofali. Akasimama. Akatoa salamu za makaburini, akaomba dua fupi, akajipangusa uso.

"Mama Hadija," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "nimekuletea mgeni. Ana neno." Akanigeukia. "Sema."

Nikavua kofia. Nikamkumbuka na kapu lake la samaki, anavyotazama huku na huku kabla ya kuniuliza.

"Shikamoo mama," nikasema. "Siku ile uliniuliza, nikakudanganya. Fundi hakukosea. Niliisogeza mimi."

Fundi alikuwa ameegemea fimbo kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, anasikiliza amefumba macho. Kidogo akakunja uso.

"Paza sauti," akaniambia. "Mwishoni alikuwa hasikii vizuri."

Nikapaza sauti, nikaanza upya.